Mkoa tumepewa, madaraka yako wapi?

Yafuatayo ni mazungumzo ya mwandishi wa kujitegemea mbele ya vijana wa Makambako na Njombe. Tumeyachapa kama yalivyosemwa, isipokuwa salamu na utani wa mwanzo.

Ndugu zangu vijana,

Nawaona hapa waendesha bodaboda, makuli wa sokoni, mafundi gereji, wauza viazi, na ninyi mliomaliza kidato cha nne kama mimi mkabaki mnahesabu malori yanayokwenda Tunduma. Sikuja kuwafundisha. Mimi si mtaalamu wa utawala, digrii sina. Lakini hili suala la madaraka ya mitaa halihitaji digrii. Linahitaji mtu ajiulize maswali mawili kila anapotoa hela ya ushuru: nani ataamua hela hii ifanye kazi gani? Na huyo anayeamua, akiboronga, mimi ninaweza kumwondoa?

Basi. Shikeni maswali hayo mawili, nitayatumia kama fundi anavyotumia futikamba.

Machi 2012 serikali ya Rais Kikwete ilitangaza rasmi mikoa minne mipya: Geita, Simiyu, Katavi na Njombe. Tukakatwa kutoka Iringa. Sherehe zikafanyika, ngoma zikapigwa, na mimi nikiwa mtoto niliamini kwamba sasa maendeleo yanateremka kama mvua ya Januari. Mwaka huo huo Makambako nayo ikapewa Halmashauri ya Mji, ikatoka mikononi mwa Njombe. Mwaka 2015 ikapata jimbo lake la uchaguzi. Leo mkoa una halmashauri sita: Mji wa Njombe, Wilaya ya Njombe, Mji wa Makambako, Wanging'ombe, Makete na Ludewa.

Tusiwe watu wa kukataa kila kitu. Kabla ya 2012 ukiwa na shauri la ngazi ya mkoa ulikuwa unapanda basi kwenda Iringa, zaidi ya kilomita 200 kutoka Njombe mjini, unalala gesti, kesho unaambiwa bwana mkubwa ana kikao. Mtu wa Makete au Ludewa ndiye hasemeki. Sasa ofisi ya mkoa iko Njombe, kilomita 60 kutoka hapa Makambako. Hospitali ya rufaa ya mkoa imejengwa Njombe. Hayo ni mambo, na anayeyabeza hajawahi kusafirisha mgonjwa usiku.

Lakini kusogeza ofisi ni kitu kimoja na kugawa madaraka ni kitu kingine. Mkuu wa Mkoa anateuliwa na Rais. Mkuu wa Wilaya anateuliwa na Rais. Mkurugenzi wa Mji, ambaye ndiye anayeshika kalamu ya hundi, naye anateuliwa na Rais. Ulipokatwa mkoa mpya tulichoongezewa ni viti vya wateuliwa. Ukichukua yale maswali yangu mawili ukawapima nao, la pili linakwama papo hapo. Huwezi kumwondoa hata mmoja. Yeye ndiye anaweza kukuondoa wewe: Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997 inampa Mkuu wa Mkoa na Mkuu wa Wilaya uwezo wa kuamuru mtu awekwe ndani hadi saa 48. Kwa mwandishi wa habari kama mimi hizo saa 48 si hadithi.

Sasa nawarudisha nyuma kidogo, kwa sababu danganya toto hii ina umri mkubwa kuliko wengi wetu hapa.

Mwaka 1972 ilitangazwa sera iliyoitwa Madaraka Mikoani. Jina tamu kweli! Ungedhani mwananchi wa Lupembe anakabidhiwa rungu. Kumbe kilichofuata ni kufutwa kwa halmashauri za wilaya, zile zenye madiwani waliochaguliwa, na za miji zikafuata mkumbo. Washauri wa mpango wenyewe walikuwa kampuni ya McKinsey kutoka Marekani, jambo ambalo wazee wetu wa Ujamaa hawapendi kulikumbuka. Mahali pa diwani akakaa Mkurugenzi wa Maendeleo, mtumishi wa serikali kuu aliyetoka Dar es Salaam na mizigo yake. Madaraka yalikwenda mikoani kweli, ila yalikwenda yakiwa mfukoni mwa ofisa.

Enzi hizo mikoa ilikuwa kama imegawiwa kwa wafadhili. Tanga walikuwa Wajerumani, Kilimanjaro Wajapani, Rukwa Wanorwe. Huku kwetu Wadenishi walishika miradi ya maji ya Iringa, Mbeya na Ruvuma, na UNICEF wakasaidia ule mradi mkubwa wa maji ya mserereko wa Wanging'ombe. Kazi nzuri, sitaikejeli. Nyanda zile za Wanging'ombe ni kavu, na mama aliyekuwa akifuata maji mbali alipata bomba kijijini. Lakini halmashauri haikuwapo. Mwananchi hakuwa na mtu wake wa kumuuliza: bomba likipasuka miaka kumi baadaye, ni la nani? La mfadhili, la wizara, au la kijiji?

Mijini hali ilikuwa mbaya zaidi. Taka zilirundikana, mifereji ikaziba, kipindupindu kikaingia mwishoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 1978 halmashauri za miji zikarudishwa haraka haraka. Za wilaya zilisubiri sheria za mwaka 1982 na zikaanza kazi 1984. Mwalimu Nyerere mwenyewe, katika mwaka huo wa 1984, alikiri kwamba kufuta serikali za mitaa na vyama vya ushirika ni mambo ambayo, kama angeanza upya, asingeyafanya. Alisema hivyo akiwa bado Ikulu. Wanaomsifu kila Oktoba wanaliruka somo hilo.

Katiba ikarekebishwa, ibara ya 145 na 146 zikasema serikali za mitaa zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi. Mwaka 1998 ikaja sera ya ugatuaji, na fedha za wafadhili zikaja nayo. Mwaka 2003 kodi ya maendeleo, ile kodi ya kichwa iliyowafanya baba zetu walale vichakani wakikimbia mgambo, ikafutwa. Hapo walalahoi walipumua. Lakini angalia mchezo ulivyochezwa: halmashauri ilipoteza chanzo chake, serikali kuu ikasema itafidia, na sehemu ya fidia hiyo, asilimia 20, ilitakiwa iteremke hadi vijijini. Fungueni ripoti za Mkaguzi Mkuu za miaka ile. Hoja ya halmashauri kutopeleka asilimia 20 vijijini inajirudia kama kibwagizo. Aliyekuwa anakusanya chake akageuzwa mtu wa kungoja cha kupewa.

Ndugu zangu, hapo ndipo tulipo hadi leo, na baada ya 2016 ndiyo tumezidi kurudi nyuma. Nitawatajia machache mnayoyajua kwa ngozi zenu.

Kodi ya majengo kuanzia 2016 ilihamishwa kwenda Mamlaka ya Mapato, TRA. Mwaka 2021 ikaingizwa kwenye LUKU, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na mwaka 2023 ikapanda kuwa 1,500. Nani ananunua umeme? Mpangaji! Wewe unayepanga chumba Lyamkena au Mwembetogwa umelipa kodi ya nyumba ambayo si yako, na baraza la madiwani wako halikukaa hata dakika moja kuamua kiwango chake.

Barabara. Julai 2017 ukaundwa wakala wa TARURA, barabara za mitaa zikatoka halmashauri. Mwaka 2019 sheria mpya ya maji ikaunda RUWASA, maji ya vijijini nayo yakaondoka. Diwani wako siku hizi ukimuuliza kuhusu korongo lililokata njia ya mtaa wenu anakwambia "tumeshawaandikia TARURA". Ukimuuliza maji, "tumeshawaandikia wenzetu wa maji". Diwani amegeuka karani wa barua! Halafu kampeni zikifika anasimama jukwaani kuahidi barabara na maji, vitu viwili asivyovishika.

Najua mtu atasema: halmashauri zilikuwa zinakula hela za barabara. Ni kweli, zilikuwa zinakula, na vigogo wa ulaji huo wengine mnawajua. Lakini mlinzi wako akikutwa amelala unamfukuza mlinzi. Humpi jirani funguo za nyumba.

Mwezi Desemba 2018 vilitoka vitambulisho vya wajasiriamali wadogo, shilingi 20,000 kimoja, kwa mwenye mauzo yasiyofika milioni 4 kwa mwaka. Rais Magufuli aliwakabidhi wakuu wa mikoa, 25,000 kila mmoja, wakauze. Machinga alifurahi, maana aliepuka kusumbuliwa na mgambo wa halmashauri kila asubuhi, na furaha yake ilikuwa halali. Ila tazameni ile hela ilikokwenda. Haikwenda kwenye mfuko wa Mji wa Makambako. Muuza karanga wa stendi alilipia nchi nzima, wakati choo cha stendi na jaa la taka ni mzigo wa halmashauri ile ile iliyonyang'anywa ushuru wake. Kisha wote tunashangaa kwa nini soko linanuka.

Ushuru wa mazao nao mwaka 2017 ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi 3, na mwenye mzigo usiozidi tani moja akasamehewa anapovuka kutoka halmashauri moja kwenda nyingine. Mkulima wa viazi alishangilia na mimi nikashangilia naye, kwani nyumbani tunalima. Lakini halmashauri ya huku inaishi kwa viazi, mahindi, mbao, chai na sasa parachichi. Ukipunguza ushuru kutoka Dodoma bila kumwambia mtu wa Njombe pengo atazibaje, atalibana soko la ndani. (Na hapa niseme la lumbesa kwa kifupi: gunia la viazi linaloshonewa kilemba juu linamwibia mkulima mchana kweupe, na pale ushuru unapohesabiwa kwa gunia, linaiibia na halmashauri. Wizi mmoja, hasara mbili. Sheria ya vipimo inakataza, malori yanapakia.)

Tuje kwenye lenu hasa, asilimia 10. Sheria tangu 2018 inaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Hela haitoki Hazina hata senti. Inatoka kwenye ushuru wa hapa hapa. Aprili 2023 mikopo hiyo ilisimamishwa nchi nzima kwa tamko moja, baada ya Mkaguzi Mkuu kuonyesha mikopo isiyorejeshwa na vikundi hewa. Mwaka 2024 ikarudishwa kwa utaratibu mpya. Je, vikundi hewa vilikuwapo? Vilikuwapo. Lakini kijana wa Kitandililo ambaye kikundi chake kilikuwa kimeandika katiba, kimefungua akaunti na kiko tayari kununua mashine ya kuranda mbao, alifungiwa pamoja na mwizi wa mkoa mwingine kabisa. Fedha zimekusanywa Makambako, kufuli imetoka Dodoma.

Mimi mwenyewe nilikwenda ofisi moja ya umma, siitaji, kuomba nione tu mgawanyo wa bajeti ya mwaka. Nikaambiwa nilete barua. Nikaleta. Nikaambiwa mhusika yuko semina. Semina hiyo nadhani bado inaendelea.

Sasa Makambako. Mji huu haukuzaliwa na serikali, ulizaliwa na njia panda. Barabara kuu ya kwenda Zambia inapita hapa, reli ya TAZARA ilipokabidhiwa mwaka 1976 stesheni ikawa hapa, kisha lami ya kwenda Njombe hadi Songea ikajengwa kwa fedha za Waingereza na kukamilika miaka ya 1980. Mwaka 2018 njia ya umeme wa kilovolti 220 kwenda Songea ikaanzia hapa. Hifadhi ya Taifa ya Chakula ina kanda yake hapa. Kila kikubwa kinapita Makambako. Kinachobaki ni nini?

Tulipopata mji tulifikiri tumepanda cheo, na cheo kina bei yake. Kijiji kwa sheria zetu ni mtu kamili: halmashauri ya kijiji inaweza kumiliki mali, kushitaki, kutunga sheria ndogo, na kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasimamia ardhi yake. Mtaa hauna hayo. Kijiji kikigeuzwa mtaa, ule mkutano mkuu uliokuwa unaweza kukataa kugawa shamba unabaki kuwa mkutano wa kupewa taarifa. Mwenyekiti wa mtaa anakuandikia barua ya utambulisho na ya dhamana, basi. Viwanja vinapimwa na mji, na mzee aliyelima hapo tangu hajaota ndevu anaanza kufuatilia fidia. Vijiji vilivyobaki ndani ya halmashauri zetu za miji visiwe na haraka ya kuitwa mitaa. Nasema hivyo nikijua kuna watakaonicheka, maana neno "mji" lina harufu ya lami.

Hata hiyo lami haikugawiwa kwa kura. Kuanzia 2012 Benki ya Dunia iligharamia mpango wa kuimarisha miji 18. Njombe ilikuwamo, ndiyo maana barabara zake za mjini zikapata sura mpya. Makambako haikuwamo. Maji ya uhakika? Yako kwenye ule mradi wa miji 28 wa mkopo wa India wa dola milioni 500, uliosainiwa Juni 2022, na safari hii Njombe, Makambako na Wanging'ombe zote zimo. Nashukuru. Lakini mnaona njia ya bomba letu? Linaanzia Delhi, linapita Dodoma, linafika Makambako. Baraza la madiwani linasikia habari zake kama mimi na wewe, kwa redio.

Kuna jambo jingine linalouma kulisema mbele ya vijana wenzangu. Katika uchunguzi wa 2011-12 maambukizi ya Ukimwi Njombe yalikuwa asilimia 14.8, ya juu kuliko mkoa wowote Tanzania Bara. Yakashuka hadi 11.4 mwaka 2016-17, na katika uchunguzi wa 2022-23 yakawa 12.7, wakati wastani wa taifa ni 4.4. Hili ndilo tatizo la kwetu, lenye sura ya kwetu: njia panda ya malori, gesti, mashamba ya mbao na ya chai, watu wanaohama kutafuta vibarua. Kama kuna mahali panahitaji halmashauri yenye hela yake na uhuru wa kuamua, ni hapa. Mwongozo wa bajeti unaotoka juu haujui gesti za Makambako.

Wenzetu Wakenya kwa Katiba yao ya 2010 wana kaunti 47, zilizoanza 2013, na gavana anapigiwa kura. Katiba yenyewe inalazimisha zipate angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa. Magavana wezi wapo Kenya, tele, na baadhi wamefikishwa mahakamani. Ila mwananchi wa kule kila baada ya miaka mitano anamwangalia gavana usoni na kumwambia nenda kwenu. Uganda walikwenda njia ya kukata wilaya: kutoka 33 mwaka 1986 hadi zaidi ya 130. Kila wilaya mpya ilizaa ofisi mpya na magari mapya. Mwaka 2005 kodi yao ya kichwa ikaondolewa, na wilaya nyingi zikabaki zinaishi kwa ruzuku. Nikiangalia ramani zetu naona tunafuata nyayo za Uganda kuliko za Kenya.

Huku kwetu hata ukaribu wenyewe huja kwa amri. Halmashauri ya Wilaya ya Njombe ilikaa miaka mingi na ofisi zake mjini Njombe, ndani ya eneo la halmashauri nyingine, mpaka Magufuli mwaka 2019 alipoagiza kila halmashauri ihamie kwa wananchi wake. Ikahamia Kidegembye. Uamuzi sahihi kabisa. Lakini kwa nini wananchi wa Lupembe hawakuwa na nguvu ya kuihamisha wenyewe miaka yote hiyo?

Mtaniambia dawa ni kura. Uchaguzi wa serikali za mitaa unasimamiwa na TAMISEMI, ofisi iliyo chini ya Rais, badala ya Tume ya Uchaguzi. Novemba 2019 vyama vya upinzani vilijitoa baada ya wagombea wengi kuenguliwa. Novemba 2024 vilishiriki, na bado chama tawala kikatangazwa kushinda zaidi ya asilimia 98 ya vijiji na mitaa. Kwenye kijiwe cha watu ishirini tu hamkubaliani Simba na Yanga nani ana timu, leo mitaa ya nchi nzima ikubaliane kwa asilimia 98?

Hata hivyo sheria imeacha milango michache ambayo haijapigwa kufuli, nayo ndiyo iliyonileta. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu, na mapato na matumizi yasomwe. Mwenyekiti asipouitisha, ulizeni kwa maandishi na mbaki na nakala. Kikao cha baraza la madiwani ni cha wazi kwa mwananchi na kwa mwandishi, hakihitaji kadi ya chama wala mwaliko. Unaingia, unakaa nyuma, unasikiliza. Nendeni mkamsikie diwani wenu anauliza nini, au kama anauliza kabisa. Andikeni kiasi kilichokusanywa sokoni kwa robo mwaka, kiasi kilichowekwa kwenye asilimia 4 ya vijana, na vikundi vilivyopewa. Namba tatu tu. Robo inayofuata mkaandike tena.

Baraza lijalo mimi nitakuwa viti vya nyuma na daftari langu. Nani anakuja?